Mwaka Tuliopaka Chokaa Upande wa Barabara

Kijana aliyesoma historia ya marehemu siku tulipomzika Maman Mwamini alisema kwamba "alichangia katika ujenzi wa jengo la fakulte ya udaktari". Alichangia! Nilikuwa nimekaa mstari wa pili, miguu ya kiti changu cha plastiki ikizama kwenye udongo uliolowa, na Espérance, mwenzangu wa darasa, aliyekaa kando yangu akanishika mkono kwa sababu alijua kwamba nitasimama. Sikusimama. Nimekuwa mtu mzima, nafundisha, nina wajukuu, na msibani si mahali pa ubishi. Lakini jioni, sisi wachache tuliobaki wa darasa la kwanza kabisa la fakulte tulipokuwa tumekaa kwenye veranda ya marehemu na sahani za bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, magotini, daktari mmoja kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe aliniuliza kwa heshima zote: "Maman Prof, huyu maman alikuwa nani kabisa? Alikuwa mufadhili?" Espérance alicheka mpaka akapaliwa na samaki. Mimi sikucheka. Kijana huyo amepanda ngazi za jengo lile miaka saba, ametoka na shahada yake mkononi, na hajui ni nani aliyelizuia lisiwe kambi ya askari. Kosa si lake. Sisi tuliojua tumekaa kimya tukila matanga ya wenzetu mmoja baada ya mwingine, na tukiendelea hivyo atabaki yule msomaji wa historia na neno lake la "alichangia".

Basi mwaka ule fakulte yetu haikuwa na kwake. Vita vya pili vilikuwa vimeukamata mji wetu wa Bukavu. Barabara ya Bunyakiri ilikuwa imefungwa, ya Kamanyola leo inapitika na kesho haipitiki, na Kinshasa ilikuwa upande mwingine wa vita, mbali kuliko Ulaya. Tulisomea mtaa wa Muhumba, katika garaji la nyumba ya zamani ambayo kanisa lilituazima. Sakafu ilikuwa na madoa ya oili ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Mabenchi yalikuwa ya kanisa pia, kwa hiyo kila mwisho wa juma tuliyabeba kichwani kuyarudisha ili waumini wapate pa kukaa Jumapili, na Jumatatu tukayabeba tena. Tulikuwa na mifupa ya mtu mmoja tu, imening'inizwa kwenye ndoano iliyokuwa ya kuning'inizia matairi, na ilikosa mkono wa kushoto. Tuliiita Tonton, yaani mjomba. Mkono wa kushoto tulijifunza kwa kufikiria, na mpaka leo nikishika mkono wa kushoto wa mgonjwa kuna kitu ndani yangu kinachoshangaa kwamba upo. Nyuma ya garaji mke wa mlinzi alipika maharagi yake kila asubuhi, na harufu ilipoingia hakuna profesa aliyeweza kushindana nayo.

Kati ya garaji na ofisi ya doyen, yaani mkuu wa fakulte, kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Doyen alikuwa mtu mrefu, mkali, aliyevaa tai hata siku ambazo mji mzima haukuwa na maji. Maman Mwamini alikuwa mkunga mkuu, mwalimu wetu wa mambo ya uzazi; mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti iliyozoea kuwaamuru watu walio katika uchungu. Siku moja tulikuwa tunakula bitumbura vyetu vya saa nne, tukawasikia kupitia mbao. "Bakubwa ya université bamenipa jibu," doyen alisema. "Kama mwaka unaisha hatuna chumba cha anatomia na laboratware, batatufunga. Batoto hawatapanda mwaka wa pili." Maman Mwamini akauliza, "Na bataenda wapi?" Halafu doyen akasema, "Kwao." Tuliacha kutafuna. Espérance alianza kulia palepale, machozi yakidondoka kwenye kitumbura chake. Mimi nilikasirika. Nilikuwa nimetaka udaktari tangu nilipojua neno lenyewe, na sasa nilisikia kwa masikio yangu kwamba kilichosimama kati yangu na udaktari ni kuta na paa. Hasira ile ndiyo iliyonibeba mwaka mzima, na siionei haya.

Kiwanja tulikuwa nacho, mlimani, juu ya barabara, na misingi ilichimbwa kabla ya vita. Kisha simenti ikakatika na kazi ikalala, majani yakaota kwenye mitaro. Tulioifufua ni sisi, kwa salongo. Wazazi wetu walilichukia neno hilo. Enzi za utawala wa zamani salongo ilikuwa kazi ya lazima ya Jumamosi, na kila mtu alikuwa na shangazi mgonjwa wa kumtembelea siku hiyo. Sasa sisi wenyewe tukaitangaza makanisani bila kulazimishwa na mtu. Watu wakaja: kwaya, walimu, karani wa posta, mamas wa soko la Kadutu. Mafundi waliongozwa na Papa Bisimwa, mwashi aliyekuwa akitukana matofali yanapopinda na kuyabembeleza yanaponyooka. Wanawake waliokimbia vita vya Bunyakiri walikaa chini ya kilima wakiponda mawe kuwa changarawe, na wakala pamoja nasi. Siku ya kwanza ya kupandisha mchanga sisi wasichana wa mjini tulisitasita, maana mzigo ulibebwa mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, kama wafanyavyo mama zetu wa vijijini, nasi tulikuwa tumetengeneza nywele. Maman Mwamini alivaa ukanda juu ya kofia yake nyeupe ya ukunga, akainama, akapakiwa mchanga, akaanza kupanda. Nani angebaki chini? Mchana tulikula sombe ya majani ya muhogo na bugali kutoka kwenye nusu pipa, mikono ina chokaa, na sijawahi kula chakula kitamu zaidi, wala katika hoteli, wala katika harusi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Niliona kwa macho yangu ukuta ukipanda kwa mikono ya watu ambao hawakuwa na uhakika wa kuamka salama kesho yake, na nilijivuna, na bado najivuna.

Mabati yalipokuwa yamefika juu, nyumba ilikuwa bado ganda tu. Haikuwa na milango wala vioo, dari haikuwepo, sakafu ilikuwa udongo uliopigwa. Ndipo ikaja habari kwamba wageni wa kanisa kutoka ng'ambo watapita kutazama kazi. Nilikuwa napokezana ndoo karibu na doyen alipokuwa akibishana na Papa Bisimwa. "Doyen, ndani hatujamaliza," fundi alisema. "Hii chokaa ingengoja." Doyen akarekebisha tai yake. "Papa Bisimwa, mugeni haanzie ndani. Anaanzia ku uso." Na tulimuunga mkono wote! Sisi watu wa Bukavu tuko hivyo. Mtu anaweza kulala na njaa, lakini asubuhi atatoka na shati lililopigwa pasi. Tulipaka upande wa barabara kwa chokaa nyeupe, nguzo tukazipaka buluu, na kijana mmoja wa kwaya mwenye mwandiko mzuri akaandika jina la fakulte juu ya mlango usiokuwepo. Nguzo ya kulia niliipaka mimi. Ukisimama barabarani ungeapa kwamba nyumba imekwisha, na watu walisimama kweli, wakapiga makofi. Wageni hawakufika, mpaka ulifungwa wiki ile. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, na chetu kilijiuza kwa mteja tusiyemtaka.

Komanda wa askari walioushika mji alikuja na vijana wake wachache, mchana, tukiwa tunasawazisha udongo ndani. Hakuwa mtu wa kelele. Alizunguka nyumba, akagusa chokaa kwa kidole, akatazama kidole chake. "Hii nyumba iko ya nani?" akauliza. Doyen akajibu, "Ya université, afande." "Na banafunzi banasomea wapi?" Doyen, mtu mkweli hata pale ukweli unapomchoma, akasema, "Muhumba. Mu garage." Komanda akatikisa kichwa, karibu kwa huruma. "Basi beko na fasi yao. Basoda yangu banalala mu mvua na bibi na batoto. Hapa kuko nyumba bila batu, kule kuko batu bila nyumba. Siku ya ine tunaingia." Akashuka. Alikuwa ametaja Alhamisi kwa utulivu, kama mtu anayepanga viti. Siku zilizofuata doyen alizunguka ofisi zote na makaratasi ya kiwanja chini ya kwapa. Kila ofisi ilimpa kiti, ikamsikiliza, ikamwambia wataona. Alirudi akakaa kwenye benchi la mbele la garaji, mahali petu sisi wanafunzi, akalegeza tai. Sikuwahi kumwona akiilegeza. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mlio wa bunduki.

Maman Mwamini alikuwa amekaa kwenye jiko la mke wa mlinzi, anachagua mawe katika maharagi kana kwamba hilo ndilo lililompeleka. Doyen akamfuata huko, nasi tukasogea, hakuna aliyetufukuza. "Amesema nyumba haina batu," Maman Mwamini alisema. "Basi tuweke batu." Doyen akasema, "Banafunzi? Batabapiga fimbo na batabafukuza." "Apana banafunzi. Bamama ya mimba." Hapo nieleze jambo ambalo kwetu halihitaji kuelezwa. Mtu haruki miguu ya mwenzake iliyonyooshwa, na zaidi haruki miguu ya mwanamke mwenye mimba. Wanasema mtoto atakataa kutoka, na mkosi utamfuata aliyeruka mpaka nyumbani kwake. Mimi ni mwanasayansi na nimefundisha fiziolojia maisha yangu yote. Miguu hiyo siiruki hata leo. Maman Mwamini ndiye aliyeongoza siku ya kipimo katika dispansari iliyokuwa bondeni, ambako wajawazito walipimwa uzito na matumbo. Alitaka siku ya kipimo ihamie kwenye jengo, na wanawake wakae kwenye ukumbi mwembamba wa kupita, ule ambao Papa Bisimwa aliubana kwa kukosa simenti. Doyen akauliza, "Na mama mumoja akiumizwa, Maman?" "Nitabauliza," akajibu. "Ule hataki, nitamupima ku dispensaire sawa kila siku."

Na aliwauliza. Nilikuwepo, nimebeba mizani. Hakuwaficha kitu: aliwaambia askari watakuja, wana bunduki, wanataka nyumba, na kwamba wanafunzi hawa wa udaktari wakiikosa watarudi kwao na mji utabaki na madaktari wachache waliopo. Kisha akasema mmoja wa wanawake wa Bunyakiri, niliyemjua kwa sababu tulikuwa tunapokea changarawe yake: "Maman, kule kwetu tulikimbia basoda. Tumefika hapa. Tukikimbia tena si tutaingia mu ziwa?" Wengine wakacheka, kicheko cha watu waliochoka kuogopa. Mmoja akauliza kama kupanda mlima ni vibaya kwa mimba ya miezi minane. "Ukipanda polepole ni muzuri," Maman Mwamini akasema. "Na ukifika, nyoosha miguu. Imevimba, na ni dawa." Walipanda wote, polepole, wakishikana viuno, nasi nyuma yao na mizani na ndoo ya maji ya kunywa.

Askari walikuja siku waliyosema. Kwanza tulisikia malori yakihangaika kwenye mlima. Wanawake walikuwa wamekaa pande mbili za ukumbi, migongo ukutani, miguu imenyooshwa mpaka nyayo za huku zikakaribiana na za kule, vitenge vya kila rangi kutoka mlangoni hadi mwisho. Sisi tulivaa makoti meupe. Nilimpima mama mmoja mara mbili, nikasahau kuandika uzito mara zote mbili. Lori la kwanza lilikuwa la askari. La pili lilibeba wake zao, watoto, magodoro, masufuria, kuku waliofungwa miguu. Askari wa kwanza aliruka chini akaja mbio mpaka mlangoni. "Bamama, longwa! Mutoke!" Maman Mwamini hakuinua uso. "Pita tu, mwana," akasema. "Njia iko wazi." Kijana akatazama chini. Aliinua buti, akalishika hewani, akalirudisha alipolitoa. Wa pili akamsukuma kutoka nyuma, akaona, naye akasimama. Mlango ukajaa askari wanaotazama miguu ya wanawake. Nilitaka kucheka na kulia, na sikuthubutu lolote.

Komanda akaja, wakampisha. "Nini hii?" "Kipimo, afande," Maman Mwamini akasema. "Leo njo siku yake." "Mufanye mbio mutoke." "Mimba haina mbio, afande." Nilimwona anakaza taya, na mkono wake ukashuka kwenye mkanda. Sijui angefanya nini. Espérance husema angetupiga. Mimi husema angeondoka. Tumebishana hivyo tangu ujana mpaka uzee. Kwa vyovyote hakupata nafasi, kwa sababu mlango wa mbele wa lori la kwanza ulifunguka akashuka mwanamke kijana, tumbo mbele, ameshika kiuno. Askari wakampisha haraka kuliko walivyompisha mkubwa wao, na hapo tukajua ni mke wa nani. Akachungulia ndani. "Hapa banapima?" "Banapima," Maman Mwamini akamjibu. "Kila mutu?" "Kila mutu iko na tumbo." Mwanamke akasema, bila kumwangalia mume wake, "Mimba hii yote tunatembea. Hakuna mutu amenigusa." Akajishikiza ukutani, akakaa pale mlangoni kwenye udongo, akanyoosha miguu. Nyuma yake wakaanza kushuka wengine kutoka lori la pili, mmoja, halafu watatu, wakiacha masufuria kwa watoto. Mume wake akamwita kwa jina, kwa sauti ya chini. Akamjibu kwa sauti ambayo ukumbi mzima ulisikia: "Tukilala humu, batatupima wapi?"

Askari wale waliishia kwenye ghala la zamani la kahawa karibu na ziwa, na waliokaa jirani na ghala hilo hawakutushukuru, sitasema uongo. Sisi tulipanda mwaka wa pili. Tonton alihamishwa kwa miguu kutoka Muhumba, amebebwa mabegani, na mji ukasimama kumtazama. Doyen hakuacha nyumba ile ikae tupu tena hata siku moja: asubuhi masomo, Jumamosi kwaya, siku ya kipimo kipimo. Wapo wanaosema tulibahatika. Bahati gani ilipanda mlima ule ikiwa na miezi minane tumboni? Lakini nimeruka mbele, na siku yenyewe haijaisha.

Maman Mwamini alinikabidhi kile kifaa cha mti cha kusikilizia moyo wa mtoto, kinachofanana na tarumbeta ndogo. "Nabintu," akasema, "muanzie huyu." Sikuwahi kukitumia kwa mtu hai. Nilipiga magoti kwenye udongo mbele ya mke wa komanda, nikagusa tumbo kama nilivyofundishwa, nikatafuta mgongo wa mtoto, nikaweka kifaa na sikio juu yake. Kwanza nilisikia moyo wangu mwenyewe tu, unapiga ovyo. Nikahamisha kidogo. Ndipo nikausikia, mdogo, wa haraka, unakwenda zake bila habari yoyote ya vita. Nadhani nilitabasamu, maana komanda, aliyesimama nje ya kizingiti kwa sababu miguu ya mke wake ilimzuia kuingia, alinyoosha shingo. "Mutoto iko muzima?" akauliza. Ilikuwa sauti nyingine kabisa. Nikamwambia, "Iko muzima, afande."

Akanitazama, nilikuwa na chokaa kwenye nywele na magoti yenye udongo. Akamgeukia Maman Mwamini. "Na huyu ni docta?"

Maman Mwamini alikuwa anamsaidia mama mwingine kupanda mizani. "Bado, afande," akasema. "Njo maana tunajenga."

Komanda alikaa akitazama mabati na mbao zisizo na dari. Kisha akaenda kwa dereva wa lori la pili, akamwambia ageuze.